Chura wa Mpira Anagongwa Lakini Besi Hanasi: Kasoro Iko Wapi?

Wavuvi wa Nairobi wanaokwenda Naivasha wikendi wana lalamiko moja: samaki aitwaye besi anaibuka kutoka chini ya magugumaji kumgonga chambo cha chura wa mpira, maji yanaruka, moyo unaruka nayo, halafu mshipi unarudi mtupu. Kinachofuata nyumbani ni mkasi na koleo. Miguu ya chura inakatwa, ndoano inapindwa, chubwi la risasi linatiwa tumboni, yote jioni moja. Wikendi inayofuata chura ni mbovu kuliko alivyotoka kwenye pakiti, na hakuna ajuaye ni badiliko lipi lililomharibu. Hapa tutaanza na dalili, tutafute sababu, kisha tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Mara nyingi kitu hicho si chura.

Kwa asiyemjua: chura huyu ni chambo bandia, kifuko cha plastiki laini aina ya PVC, kitupu ndani, chenye ndoano pacha iliyotokeza nyuma na ncha zake mbili kulala juu ya mgongo. Kwa kuwa ncha zimelala, anateleza juu ya magugu na majani ya yungiyungi bila kushika kitu. Samaki akimbana, mwili unabonyea na ncha zinajitokeza. Ufundi wote uko kwenye kubonyea huko.

Besi mdomo mkubwa aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Magugumaji yakaonekana ziwani mwaka 1988, na hadi leo upepo huyahamisha: jana yalifunga ufuo huu, leo yako ng'ambo. Mikeka hiyo ya kijani na kingo za mafunjo ndiyo sababu ya kubeba chura. Kwenye maji yaliyo wazi kabisa, mwache kwenye boksi; chambo cha kuzama kitakulipa zaidi. Nalisema mapema kwa sababu wengi hurekebisha chura ambaye hana kasoro yoyote, ila amepelekwa mahali pasipo pake.

Dukani

Maduka ya vifaa vya uvuvi wa burudani Nairobi ni machache, na vyura wengi huagizwa mtandaoni au huletwa na jamaa anayerudi kutoka nje. Ukipata nafasi ya kumshika kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue pakiti. Mbane chura kwa kidole gumba na cha shahada, kwa nguvu ile unayobania embe kujua kama limeiva. Ncha zote mbili zitokeze wazi. Ukilazimika kukamua, mrudishe.

Kisha tazama ndoano. Vyura wa bei rahisi mara nyingi wana mwili mzuri na ndoano ya waya mwembamba. Sukuma ncha kwa kidole gumba kuelekea nje, taratibu. Ikifunguka na kubaki hivyo, besi wa kilo mbili ataifungua vilevile. Buruta ncha kwa wepesi juu ya ukucha. Ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Tazama pia kama ndoano imekaa katikati ya mwili, kwa maana iliyoegemea upande mmoja itakusumbua baadaye kwa namna ambayo hutaielewa haraka.

Umbo ni la aina mbili hasa. Mwenye pua iliyochongoka hupenya na kuteleza, na huyo ndiye wa kwanza kununua kwa Naivasha. Mwenye mdomo wa bakuli hutema maji na kupiga kelele. Anafaa ukingoni, kwenye vidimbwi kati ya magugu, lakini juu ya mkeka mzito mdomo huo ni koleo la kuzolea takataka. Bronzeye ya SPRO, iliyobuniwa na mvuvi wa mashindano Dean Rojas, hupatikana kwa maumbo yote mawili. Urefu wa milimita 60 hadi 65 unatosha kuanzia. Rangi tutaifikia mwishoni, nayo haina uzito ambao watu wanaipa.

Anagongwa, hanasi

Hapa ndipo penye mengi. Besi akigonga na kukosa, usianze kubahatisha. Ukishamaliza kurusha mahali hapo, mlete chura mkononi umkague.

Besi hana meno ya kukata. Ana vijino vingi vidogo, na akifunga mdomo juu ya plastiki huacha mkwaruzo mwepesi. Mpanguse chura, mgeuze kwenye jua uone mkwaruzo uko wapi.

Mkwaruzo ukiwa tumboni na mgongoni kwa pamoja, samaki alikuwa naye mdomoni mzima mzima. Kosa liko mkononi mwako, kwenye mshipi au kwenye ugumu wa mwili. Ukiwa nyuma tu, au nyuzi za miguu zikiwa zimepungua, alishika mkia. Usipoona mkwaruzo wowote, hakumshika kabisa. Alipiga maji kando au alimsukuma na mdomo umefungwa. Visa hivi vitatu vinatoa mlipuko uleule wa maji, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Kisa cha kwanza ndicho cha kawaida zaidi, na sababu yake kuu ni haraka. Jicho linaona maji yakilipuka, mkono unavuta kabla samaki hajafunga mdomo. Manahodha wa mashua pale Naivasha wameliona hili hata wanalisemea bila kugeuka: "Bado, mkubwa. Bado. Haya, sasa!" Wapo wanaofundisha kuhesabu moja, mbili, kisha kuvuta. Mimi sipendi kuhesabu, kwa sababu anayehesabu kwa hofu huhesabu haraka. Tazama mambo mawili badala yake: chura hayuko tena juu ya maji, na mshipi unatembea. Yote mawili yakitimia, inamisha ncha ya fimbo kuelekea kwa samaki, kusanya ulegevu kwa rili, kisha vuta kwa mwili mzima. Chura akiwa bado anaelea baada ya mlipuko, usivute hata kidogo. Mwache palepale, hesabu pumzi kadhaa, mtikise kidogo tu. Besi aliyekosa mara nyingi hurudi, lakini harudi kwa chura aliyerushwa hewani na kuangukia mashuani.

Kama subira unayo na mkwaruzo bado unaonekana pande zote mbili, nenda kwenye mshipi. Mshipi wa nailoni hunyumbuka. Ndoano ya chura ni pacha na ni ya waya mnene, kwa hiyo inadai nguvu nyingi ili kupenya, na nailoni inaimeza nguvu hiyo njiani. Jaribio lake ni rahisi: tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, ifunge kwenye nguzo ya lango, rudi hatua ishirini na fimbo yako, vuta kama unayenasa samaki huku mwenzako akisoma namba. Kisha rudia kwa mshipi wa kusokotwa. Tofauti utaiona mwenyewe. Kwa chura, tumia wa kusokotwa wa ratili 50 hadi 65, yaani kama kilo 23 hadi 29. Si kwamba besi wa Naivasha ana uzito huo. Ni kwamba unamvuta yeye pamoja na kapu la magugu. Fimbo iwe ngumu, ya meta 2.1 au zaidi kidogo, ncha ikipinda kiasi lakini mgongo ukikataa. Fimbo laini ya sato itakufanya umlaumu chura bure.

Mshipi sawa, fimbo sawa? Sasa ndipo tumguse chura, na tuanze na kumlainisha. Mweke kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika moja hivi, mtoe, mbonyeze mara nyingi, rudia. Maji yasiwe yanachemka jikoni. Ni kweli kwamba kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94 na si 100, lakini hata hizo zinatosha kupinda mwili na kulegeza gundi ya kiwandani. Chura mpya mgumu akipitia bakuli hili mara mbili tatu huwa mwingine kabisa, na hujakata kitu.

Kupinda ndoano ni hatua ya mwisho, na ndiyo ambayo watu huanza nayo. Funga kitambaa kwenye shina lisichubuke, shika kila ncha kwa koleo, ifungue kuelekea nje kidogo sana, kisha iinue mpaka kati yake na mgongo pawe na nafasi ya milimita mbili au tatu. Ncha zote mbili zilingane. Ukizidisha, utapata samaki wengi zaidi kwenye maji ya wazi na magugu mengi zaidi kila mahali pengine. Usipinde na kurudisha na kupinda tena; chuma hicho kimefanywa kigumu kiwandani, na kikichoka hukatika bila taarifa.

Kisa cha pili, cha mkwaruzo wa nyuma tu, hakihitaji ndoano wala koleo. Samaki anafuata na kuonja miguu. Fupisha miguu. Kata upana wa ukucha kwa mara moja, jaribu, kata tena ikibidi. Nyuzi zilizokatwa hazirudi. Punguza pia mwendo, kwa sababu besi anayeshika mkia mara nyingi ni besi anayekimbizana na chura. Vituo virefu zaidi, miruko mifupi zaidi. Ikishindikana, tumia chura mdogo wa milimita 55. Wapo wanaoning'iniza ndoano ya tatu nyuma. Kwenye maji ya yungiyungi chache inaweza kufaa. Kwenye magugumaji ya Naivasha, ambayo mizizi yake ni kama ndevu, nasema usijisumbue. Kila mrusho utarudi na shada.

Kisa cha tatu, cha mlipuko usio na mkwaruzo, hutokea sana juu ya mkeka mzito. Samaki hamwoni chura. Anaona majani yakitikisika na anapiga kwa kukisia. Chura anayekwenda mbio amekwisha pita pale anapopigwa. Mpunguze mwendo mpaka ujione mjinga. Mtikise mahali pamoja, mwache, mtikise tena. Ukiona tundu kwenye mkeka lenye ukubwa wa sahani, mfikishe hapo na umwache alale. Na ukishapigiwa mara moja, rusha kwenye mstari uleule, si kando.

Pia uzito unasaidia hapa. Chura mwepesi huelea juu ya majani bila kuyabonyeza, hivyo chini hakuna kivuli wala mtikisiko wa maana. Panua tundu la ndoano kwa kidole, ingiza gololi mbili tatu za chuma zile ndogo za ekseli ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote wa mtaani anazo kwenye kopo la grisi. Zioshe kwanza. Zinaongeza uzito na zinagongana, na mlio huo hupita majini. Zikaushe ukirudi nyumbani, vinginevyo zitapata kutu na kutia rangi tumbo lote. Chubwi dogo la risasi linafanya kazi ya uzito bila mlio. Ukitumia hilo, nawa mikono kabla ya kula.

Ananasa, kisha anachomoka

Hii si dalili ile iliyotangulia, ingawa kwenye mashua husimuliwa kwa maneno yaleyale. Ulihisi uzito, kichwa kilitikisika, kisha hakuna kitu.

Kagua breki ya rili kwanza. Wengi huilegeza kwa mazoea ya samaki wengine, na hapo wakivuta kunasa samaki, mshipi unateleza badala ya kuchoma. Kwa chura, ikaze karibu na mwisho. Kisha jiulize ulifanya nini sekunde tatu za mwanzo. Besi akishaingiza kichwa chini ya mizizi, vita vimekwisha. Magugu yanamshikia ndoano na yeye anajichomoa. Anyanyuliwe kichwa na aendelee kuteleza juu ya mkeka bila kusimama. Rili ya mwendo wa haraka, ile ambayo gurudumu lake la mshipi huzunguka mara 7 au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa kipini, ndiyo inayowezesha hilo. Yote yakiwa sawa, rudi kwenye ukucha: ncha iliyogonga gogo au jiwe la ufuoni huwa butu bila kuonekana butu. Jiwe dogo la kunolea, misuguo michache kutoka shinani kuelekea ncha.

Akijisokota kwenye magugu na mshipi umesimama, usivute kwa fimbo mpaka ikatike. Shika mshipi uwe umekaza, mashua iende kwake. Mara nyingi bado yupo.

Anazama, au anaelea tumbo juu

Chura yeyote huingiza maji kidogo kupitia tundu la ndoano nyuma na tundu la pua. Kumkamua kila baada ya mirusho kadhaa ni sehemu ya uvuvi huu. Tatizo ni anayejaa kila mrusho. Mzamishe kwenye karai la maji, mbonyeze taratibu, angalia mapovu yanatokea wapi. Yakitoka nyuma kando ya shina la ndoano ni kawaida. Yakitoka puani kwa wingi, tundu limepanuka: tia tone la gundi ya silikoni kuzunguka kijicho, yaani kile kitundu cha ndoano kinachofungwa mshipi, acha usiku mzima. Yakitoka mgongoni, ncha zimesugua plastiki mpaka ikapasuka. Gundi ya fundi viatu hushika vizuri na hubaki laini, kuliko ile gundi ya sekunde chache ambayo hukauka ikawa kipande kigumu hasa pale mwili unapotakiwa kubonyea. Gundi ya mabomba ya maji usiiguse. Imetengenezwa kuyeyusha PVC.

Kwa chura aliyechoka kabisa, kata kipande cha soli ya malapa mazee, ile ya povu lisilofyonza maji, ukubwa wa punje ya harage, ukiingize tumboni. Ataelea hata akiwa na tundu. Lakini usimjaze. Chura aliyejaa habonyei, na asiyebonyea hanasi, kwa hiyo utakuwa umetoka kwenye dalili moja ukaingia kwenye ile ya kwanza.

Anayeangukia tumbo juu ana uzito uliohama au ndoano iliyozunguka. Zungusha shina mpaka ncha zikae katikati ya mgongo. Kama uzito wa kiwandani umelegea, ubandike tena chini nyuma, si mbele. Chura mzuri hukaa pua juu kidogo na makalio yakizama.

Anakwenda mstari mmoja tu

Chura anapaswa kuyumba kushoto na kulia kila ukimdonoa. Asipofanya hivyo, mtuhumiwa wa kwanza ni mkono unaovuta badala ya kudonoa. Ncha ya fimbo iangalie chini, mpe pigo fupi, kisha mrudishie ulegevu mara moja. Ulegevu huo ndio unaomwachia ageuke. Hili lina uzuri mmoja: unaweza kulifanyia mazoezi kwenye nyasi za uwanja wa mtaa. Nyasi ndefu zinamshika chura karibu kama mkeka wa magugu. Watoto watakusanyika kuuliza unavua nini, na hapo hutakuwa na jibu la heshima.

Mtuhumiwa wa pili ni fundo. Fundo lililobana kijicho linamfunga pua; fundo la kitanzi, lenye nafasi ndogo ya kucheza, linamwachia. Wa tatu ni mshipi wa fluorokaboni, ambao huzama na kumvuta pua chini. Miguu mirefu ndiyo wa nne: inaburuta majini na kumnyoosha. Ipunguze kwa taratibu ileile ya upana wa ukucha. Wengine huacha mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake ili ageuke kwa urahisi. Inafanya kazi, ingawa wakati mwingine huishia kuzunguka upande mmoja tu.

Anazoa magugu

Angalia yale magugu yameshikwa wapi. Kwenye ncha, umezipinda kupita kiasi, zirudishe kidogo. Kwenye pua, ama umechagua mwenye mdomo wa bakuli mahali pasipomfaa, ama umeacha mkia wa fundo mrefu. Ukate karibu na fundo. Kwenye miguu, ni mirefu. Upande mmoja tu kila mara, ndoano imeegemea.

Hafiki mbali

Ni mwepesi, au fimbo ni ngumu kwa uzito wake, au unarusha dhidi ya upepo. Gololi zile mbili zitamaliza la kwanza. La tatu halina dawa dukani. Naivasha huwa shwari asubuhi na upepo huamka mchana. Chura juu ya mawimbi hana maana kwa samaki wala kwa mvuvi. Ndiyo maana wanaotoka Nairobi saa kumi alfajiri, kilomita kama 90 hivi, huwa wamemaliza uvuvi wa chura kabla ya chakula cha mchana.

Hakuna anayemgusa

Badilisha mahali kabla ya kubadilisha chura. Kingo za mkeka, pembe zake, mahali mafunjo yanapokutana na magugumaji, kivuli cha mti uliolala majini. Katikati ya mkeka mpana usio na tundu, besi wanaweza kuwapo na wasimfikie. Sikiliza pia: vijisamaki vinaporukaruka na sauti za kufyonza chini ya majani ni ishara ya uhai. Mkeka ulio kimya kabisa upite.

Maelekezo mengi ya Marekani yanasema chura ni wa majira ya joto, maji yakishapanda nyuzi 15 na zaidi. Kwetu hilo halina kazi. Naivasha iko karibu na ikweta, meta kama 1,890 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huzunguka nyuzi 20 na kitu mwaka mzima. Usingoje msimu. Kinachobadilika ni magugu yako wapi na maji yamepanda kiasi gani.

Na sasa rangi. Besi anamtazama chura kutoka chini, na anachoona ni tumbo na kivuli chake dhidi ya mwanga. Macho ya kuchorwa na madoadoa ya mgongoni yanamnasa mnunuzi. Mweusi kwa alfajiri na mawingu, mweupe au wa njano kwa jua kali, wa kahawia kwa siku usizojua. Hao watatu wanatosha. Mwenye mmoja mweupe tu anaweza kumpaka tumbo kwa kalamu ya wino usiofutika. Baada ya safari kadhaa hupauka na unampaka tena. Huko Naivasha besi wakubwa wamejulikana kula sana kamba wekundu wa maji baridi, ambao nao waliletwa ziwani mwaka 1970, na kamba hao hawafanani na chura yeyote. Bado wanamgonga chura. Anayegonga kutoka gizani hana muda wa kulinganisha.

Jambo dogo kuhusu ndege: furukombe wa Naivasha wamezoea kutupiwa samaki na mashua za watalii, na kitu cheupe kinachoanguka majini kinawavutia. Ukimwona mmoja ameinama kwenye tawi akikutazama, mrudishe chura haraka au ungoje aangalie kwingine.

Ametunzwa vibaya

Miguu imegandana, rangi imehamia kwa mwenzake, mwili umepinda. Alilala kwenye gari lililoegeshwa juani, au aliwekwa boksi moja na minyoo ya plastiki laini, ambayo mafuta yake hushambulia vitu vingine. Kila chura akae chumba chake, akiwa amekauka, ndoano imekaa sawa. Miguu iliyoanza kunata ipake poda ya mtoto. Aliyepinda anaweza kunyooshwa kwa bakuli lile la maji ya moto, kisha umshike kwenye umbo lake chini ya maji ya bomba mpaka apoe.

Amekwama ndani ya mafunjo

Usivute kwa fimbo. Elekeza ncha kwa chura, legeza mshipi, utikise; mara nyingi hudondoka mwenyewe kwa kuwa ncha zimelala. Asipodondoka, zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, si kwenye kiganja, kwa maana wa kusokotwa hukata nyama, kisha vuta moja kwa moja.

Kabla ya kumfuata kwa mashua, muulize nahodha. Viboko hurudi majini alfajiri baada ya kulisha usiku, na njia zao hupita humohumo kwenye mafunjo. Akisema hapana, usibishane naye na usimwongezee pesa abadilishe mawazo. Kata mshipi karibu na ncha ya fimbo kadiri uwezavyo, funga chura mwingine, msogee ukingo unaofuata.